Mwenye Macho Aambiwe Tazama

Ndege inayokuja kukugonga haionekani ikisogea. Rubani aliyeketi kwenye kiti chake huona ndege nyingine zikipita kwenye kioo: hii inateleza kwenda kushoto, ile inapanda, nyingine inabaki nyuma. Zote hizo zitampita salama. Ya hatari ni ile iliyoganda mahali pamoja pa kioo, nukta ndogo isiyokwenda huku wala kule. Kwa muda mrefu haionekani hata kukua. Ikianza kukua, hujaza kioo ndani ya sekunde chache.

Hii ni hesabu tu, haina uchawi. Vitu viwili vikienda kwa mstari ulionyooka, kila kimoja kwa mwendo usiobadilika, na vikawa vitakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, basi kila kimoja hukiona kingine kwenye pembe ileile tangu mwanzo hadi kugongana. Mabaharia walilijua jambo hili zamani. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizopitishwa mwaka 1972, zinamtaka nahodha apime kwa dira uelekeo wa chombo kinachomkaribia. Kama uelekeo haubadiliki na umbali unapungua, ahesabu kwamba wamo njiani kugongana.

Marubani walirithi somo hilo kutoka baharini, lakini angani lina ugumu wake. Jicho la binadamu hushtushwa na kitu kinachosogea. Kilichotulia hulipita bila kuligutusha, na angani kilichotulia ndicho kinachoua.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka kuruka uwanja wa Wilson kwenda Diani, ikiwa na watu 44, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Watu wawili waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Ile kubwa iligeuza, ikarudi Wilson na kutua salama. Siitaji ajali hii ili kumtafuta mwenye kosa. Naitaja kwa sababu ilitokea asubuhi, karibu na uwanja wenye waongozaji ndege, na hivyo ndivyo zilivyo nyingi za aina yake duniani: hutokea mchana, hewa ikiwa nzuri, jirani na viwanja, mahali ambapo kila mmoja angedhani macho yanatosha. Kwa kila ajali moja ya namna hiyo zipo nyingine zilizoishia kuwa chupuchupu, ndege mbili ndogo zikipishana kwa umbali ambao rubani hubaki akitetemeka hata baada ya kutua.

Msomaji wa Benaco, wilayani Ngara, Tanzania, anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Pale Ngara wapo wanaokumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara ile, ikageuka mji mkubwa wa maturubai. Ndege ndogo za misaada zilikuja na kuondoka miaka ile. Leo kambi haipo, mbingu imetulia, lakini barabara haijatulia. Benaco ni mahali barabara kuu inayotoka Lusahunga inapogawanyika: moja inakwenda Rusumo na Rwanda, nyingine inaingia Ngara mjini hadi Kabanga na Burundi. Malori yaliyobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo usiku na mchana. Hesabu ile ya angani, ya vitu viwili vinavyokaribiana kwenye pembe isiyobadilika, iko pale chini kwenye lami kila dakika.

Kwanza jicho lenyewe. Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, tazama ukucha wake. Eneo unaloliona kwa ukali kamili halizidi sana upana wa ukucha huo, yapata digrii mbili. Vilivyobaki vyote unaviona kwa ukungu, na ubongo ndio unaokushawishi kwamba unaona kila kitu sawasawa. Kama huamini, kazia macho neno moja katika mstari huu, kisha jaribu kusoma neno la nne kulia kwake bila kuhamisha macho.

Tena macho hayafagii anga kama tunavyodhani. Huruka kutoka kituo hadi kituo, na katika kuruka huko ubongo hauchukui picha ya maana. Ndiyo maana marubani hufundishwa kuigawa mbingu katika vipande vya digrii 10 hivi na kutulia walau sekunde moja kwenye kila kimoja. Piga hesabu: kutazama mbele yote kutoka bega hadi bega, digrii 180, kwa kimo cha digrii 30, ni vipande 54. Hiyo ni karibu dakika nzima, na rubani ana mita za kusoma, redio ya kusikiliza na ramani ya kufuata.

Kuna hila nyingine ya anga tupu. Jicho lisipokuwa na kitu cha kukamata, halibaki limelenga mbali. Hujirudisha lenyewe na kulenga karibu, pengine mita moja au mbili tu mbele ya uso. Rubani anadhani anatazama kilomita kumi mbele, kumbe nje kote ni ukungu kwake. Dawa yake ni rahisi, nayo imethibitika: tafuta kwanza kitu cha mbali, kilima au ukingo wa wingu, jicho lilenge huko, kisha ndipo uanze kutafuta.

Sasa tuweke muda. Kwa makadirio ambayo vyuo vya urubani vimekuwa vikiyafundisha kwa miaka mingi, kutoka jicho kukutana na ndege nyingine hadi ndege yako kuanza kugeuka kweli, zinapita sekunde 12.5. Mkono wenyewe unahitaji chini ya nusu sekunde. Sehemu kubwa inaliwa na akili: sekunde tano za kung'amua kwamba mnakwenda kugongana, nne za kuamua ugeukie wapi. Ndege mbili ndogo zinazokuja uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 200 kwa saa, hukaribiana kwa mita 111 kila sekunde. Sekunde 12.5 ni kiasi cha kilomita 1.4. Kwa umbali huo mabawa ya Cessna, yenye urefu wa mita 11 toka ncha hadi ncha, yanaonekana madogo kuliko punje ya mchele iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa, na kiwiliwili chake ni chembe isiyofika milimita moja. Hapo ndipo rubani anapaswa awe ameshaiona. Akichelewa kidogo, ataiona, lakini muda utakuwa umekwisha.

Tunayajuaje haya? Mengine yalipatikana maabara, kwa kupima macho. Lakini jaribio linalonivutia zaidi lilifanyika angani. Watafiti waliwachukua marubani wenye uzoefu wa kawaida, wakawarusha safari ambazo waliambiwa zina lengo jingine, kisha wakaipitisha ndege ya pili karibu nao kwa mpango maalumu, wakiangalia kama wataiona na kwa umbali gani. Katika mikutano 64, ndege ile ilionekana mara 36. Zaidi kidogo ya nusu. Hawa hawakuwa walevi wala wazembe. Walikuwa marubani wenye leseni, mchana, na macho wazi.

Kisha likaja swali la pili: je, rubani akiambiwa kwamba kuna ndege na iko upande gani? Jibu ndilo linalostahili kubandikwa kwenye kila njia panda. Sekunde moja ya jicho lililoambiwa ilikuwa na thamani ya sekunde nane za jicho lisiloambiwa. Kilichoongezeka ni habari tu. Jicho lilibaki lilelile.

Tumelelewa na methali isemayo mwenye macho haambiwi tazama. Ni methali nzuri kwa mambo mengi. Katika jambo hili sayansi inatutaka tuigeuze: mwenye macho aambiwe, tena aambiwe mapema na aambiwe upande.

Wenye ndege wameshaufuata ushauri huo. Baada ya ndege mbili za abiria kugongana juu ya Grand Canyon huko Marekani mwaka 1956 na kuua watu wote 128 waliokuwamo, kutegemea macho peke yake kulianza kuonekana ni kamari. Ndege kubwa za abiria siku hizi hubeba chombo kinachozungumza na chombo cha ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Upo pia mfumo ambao kila ndege hutangaza yenyewe kwa redio, takriban kila sekunde, mahali ilipo, kimo chake na mwendo wake, na vipokezi vyake vimekuwa vidogo na rahisi kiasi cha kuwekwa kwenye ndege ya watu wawili. Kwa ndege ndogo zinazotua viwanja vya vumbi visivyo na waongozaji, kama vilivyo vingi magharibi mwa nchi yetu, hiyo ni habari njema. Mpaka vipokezi hivyo vienee, marubani wanabaki na mambo mawili yasiyogharimu kitu: kutangaza redioni mahali walipo hata kama hawajui nani anasikiliza, na kuheshimu kanuni ya vimo, ambapo wanaokwenda upande wa mashariki hupewa vimo vyao na wanaokwenda magharibi vyao.

Tusikimbilie kushangilia chombo, hata hivyo. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili zenye mitambo hiyo ya kumwamuru rubani ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Mtambo wa ndege moja uliamuru ipande, mwongozaji wa chini akaamuru ishuke, na marubani wakamfuata mwongozaji, wakati ile ya pili nayo ilikuwa ikishuka kwa amri ya mtambo wake. Tangu hapo msisitizo ni kwamba amri ya mtambo ndiyo ifuatwe. Chombo kinaokoa pale tu watu wanapokuwa wamekubaliana mapema nani atasikilizwa. Kipokezi nacho hakimwoni asiyetangaza. Rubani anayeinamia kioo chake cha mwanga na kusahau dirisha amebadilisha upofu mmoja kwa mwingine.

Mama wa Ngara ana sababu yake ya kulifuatilia jambo hili. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege nyuki tangu mwaka 2016, na kwetu Ziwa Victoria lilishuhudia mwaka 2018 majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa njia hiyohiyo. Siku vyombo hivyo vitakapozidi, vitaruka katika anga ileile ya ndege ndogo inayombeba daktari au mgonjwa. Chombo kisicho na rubani hakina hata macho ya kudanganyika. Kitamwona mwenzake kwa urahisi kama kila mmoja anatangaza alipo, na utaratibu huo ni bora uwekwe kabla mbingu haijajaa.

Turudi barabarani. Lori linatoka Lusahunga kwa kilomita 60 kwa saa. Kutoka barabara ya pembeni inayoingia kwa pembe mraba, upande wa kulia wa dereva, bodaboda anakuja kwa kilomita 30. Wakiwa wamepangika wafike kwenye makutano pamoja, kila lori linapokwenda mita 20 bodaboda anakwenda mita 10, na pembe kati yao haibadiliki. Pembe hiyo, digrii 27 hivi, ndipo ilipo nguzo nene ya kioo cha mbele. Nguzo inakwenda na lori, bodaboda anakwenda na nguzo. Dereva anaweza kutazama kulia mara tatu na mara zote tatu asione mtu. Huko Uingereza ipo njia panda ya mashambani, Ipley, ambako barabara mbili zinakutana kwa pembe ya digrii 69. Iko wazi pande zote, haina hata mti wa kuzuia, na wapanda baiskeli wawili walikufa pale kwa nyakati tofauti, mpaka watu walipopiga hesabu wakaona nguzo ya gari ilivyoweza kumficha mtu safari nzima.

Magazeti yetu huandika "uzembe wa dereva" na kufunga habari. Uzembe upo, tena mwingi, na mwendokasi hauna utetezi. Lakini kama kila ajali tunaiita uzembe, tutaendelea kuwafunga madereva na kuziacha njia panda zilivyo. Sayansi inampa dereva jambo la kufanya: anapokaribia makutano, asitazame tu, asogeze kichwa na kifua mbele na nyuma ili atoe jicho nyuma ya nguzo. Inampa bodaboda jambo lake pia. Kama huoni uso wa dereva, naye hakuoni. Na ukiona lori limeganda kwenye pembe moja ya jicho lako, halibaki nyuma wala halitangulii, vunja mpangilio huo mara moja kwa kupunguza mwendo. Taa ya mbele iwashwe hata mchana. Imethibitika kwamba inasaidia pikipiki kuonekana, ingawa haipenyi nguzo ya chuma.

Mkulima anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi gizani, kabla ya alfajiri, yuko katika hali ngumu zaidi, maana anakwenda polepole na hana taa. Kipande cha stika ya kuakisi mwanga nyuma ya mzigo ndiyo njia yake ya kumwambia dereva tazama. Bei yake ni ndogo kuliko mkungu mmoja.

Wavuvi wa Ziwa Victoria, huko Chato, Muleba na Bukoba, wanaweza kulitumia somo hili usiku huuhuu. Unapoona taa ya chombo kikubwa, shikilia mwelekeo wa mtumbwi wako, kisha ilinganishe taa hiyo na sehemu fulani ya mtumbwi, pua au mlingoti. Ikisogea mbele au nyuma ya sehemu hiyo, kwa kawaida mtapishana. Ikibaki palepale na kuzidi kung'aa, inakuja kwako. Ondoka, na umulike upande wake. Ipo tahadhari ambayo kanuni zenyewe za bahari zinaitaja: kwa chombo kikubwa sana, au kilicho karibu sana, hatari inaweza kuwepo hata kama taa inaonekana kusogea, kwa hiyo kipe nafasi kubwa kuliko unayodhani inatosha. Na tochi ya simu usoni ifikirie mara mbili. Jicho huhitaji kiasi cha nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa mara moja hulirudisha nyuma.

Nimewaweka watoto mwisho kwa sababu wao ndio wanaonitia hofu zaidi. Wanafunzi wa shule za msingi huvuka barabara ya Benaco kwa miguu. Mtu mzima anapoamua kuvuka hutegemea jinsi picha ya gari inavyokua machoni pake. Utafiti uliolinganisha watoto na watu wazima ulionyesha kwamba uwezo huo kwa mtoto wa shule ya msingi haujakomaa: gari likivuka kilomita 40 hivi kwa saa, mtoto anaweza asitambue kabisa kwamba linamjia. Na hapa hesabu inageuka ukatili. Gari lenye kilomita 30 kwa saa, sekunde tano kabla ya kufika, liko mita 42 kutoka kwa mtoto, na anaona wazi linakua. Lenye kilomita 80 kwa saa, sekunde tano hizohizo, liko mita 111. Ni dogo, linakua polepole, na kwa jicho lake limesimama. Linalokwenda kasi zaidi ndilo linaloonekana halina haraka.

Mtoto huyo tumemfundisha atazame kulia, kushoto, na kulia tena. Anafanya hivyo kwa utii, anaona lori limetulia, anavuka. Kumkemea hakutamwongezea uwezo ambao mwili wake haujamaliza kuujenga. Anahitaji mtu mzima wa kumvusha, kivuko kilichochorwa kikaonekana, matuta mahali pa shule, na nyasi za kando zilizofyekwa. Hayo yako ndani ya uwezo wa kijiji, kamati ya shule na wakala wa barabara.

Kwa dereva anayepita Benaco asubuhi ya kesho akiwa na shehena ya Kigali au Bujumbura, neno ni moja. Sheria inakuruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Jicho la mtoto aliyesimama ukingoni linaishia chini ya hapo. Nenda kwa 30.